Mama Concilie Nahayo na Binti Zake Wawili, 1958–2025

Wapendwa wa parokia, majirani, na ndugu zetu wa msikitini mliotoka Buyenzi kuja kumzika: Mama Concilie alituonya mapema. Alisema, "Siku yangu, musisome polepole kama hakimu anasoma barua ya tribunali. Musome kama mutu mwenye habari njema!" Basi tunasoma hivyo.

Mama Concilie Nahayo alizaliwa tarehe 14 Mei 1958 huko Buterere, mtoto wa tano wa mzee Népomuscène na mama Amélie, wakulima wa mpunga. Alisoma hadi darasa la sita. Mwaka huo mafuriko yalibomoa nyumba yao, akabaki kusaidia kuijenga upya. Baadaye alijifunza ushonaji kwa masista, akatoka mwaka 1976 na cheti ambacho mpaka leo kinaning'inia juu zaidi ya picha ya harusi yake.

Mwaka 1977 aliweka cherehani yake barazani kwa Bwana Tajudini na mkewe Bi Yasmina, Waislamu wenye asili ya Kihindi waliokuwa na duka la vitambaa mtaa wa Asiatique. Alishona sare za shule pale kwa miaka kumi na minane. Tarehe 21 Julai 1984 alifunga ndoa na Rénovat, fundi umeme, wakaishi Buyenzi. Mwaka 1987 walimpata Joëlla, ndiye mimi ninayesoma.

Januari 1995 Bwana Tajudini na Bi Yasmina walifariki pamoja katika ajali ya gari, barabara ya Rumonge. Walimwacha binti wa miaka minne, Assia, ambaye siku ile alikuwa amebaki barazani akichezea vifungo vya Mama Concilie. Jioni ilipofika hakuna ndugu aliyetokea. Mama alimbeba mgongoni, akaja naye nyumbani.

Hakuwa mama asiyekosea, na mwenyewe alitaka hili lisemwe. Popote alipopita na Assia, watu waliuliza. Mtoto mweupe vile, nywele zimelala hadi kiunoni, umemtoa wapi? Siku moja sokoni alichoka, akajibu, "Ni mugeni wangu tu." Kumbe Assia alisikia. Walipofika nyumbani mtoto alikunja gauni zake mbili, akazifunga kwenye kanga, akauliza, "Mama, mugeni anarudia kwao siku gani?"

Mama alikaa chini, akalia mbele yetu. Kesho yake alimshika Assia mkono, akarudi kwa wanawake walewale wa sokoni, akasema kwa sauti iliyosimamisha biashara: "Jana nilisema bongo, aikukuwa kweli! Uyu ni mutoto wangu. Anaitwa Assia. Mwenye swali aniulize mi, asimwangalie yeye." Tangu siku hiyo hakujibu vingine.

Hakutaka pia mtoto apoteze alikotoka. Alimwachia jina la baba yake. Kila Jumamosi, yeye Mkatoliki wa kwaya, alimpeleka madrasa, akakaa benchi la nje akishona vifungo. Siku ya mtihani Assia alisahau katikati ya Alhamdu. Ndipo aya iliyofuata ikasikika kutoka dirishani, kwa sauti ya mwanamke! Ustadhi alicheka hadi akavua miwani, akasema, "Mama, ingia ndani, na we ni mwanafunzi."

Mwaka 2000 yeye na Baba walikwenda mahakamani ili malezi yatambuliwe kisheria. Hakimu aliuliza, "Mtoto hafanani nawe hata kidogo. Utawaambia nini watu?" Mama akajibu, "Mheshimiwa, hata bwana yangu hatufanane, na hakuna mutu ameniuliza nilimutoa wapi." Muhuri ukagongwa.

Kisha, Juni 2003, alikuja Bi Kudra, dada wa marehemu Tajudini, kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amemtafuta mpwa wake kwa miaka. Alisema, "Damu yangu ninaiomba." Baba Rénovat alisimama kwa hasira. Mama akasema, "Apana. Tumuulize mwenyewe." Assia, miaka kumi na miwili, alisema anataka kuwaona ndugu zake. Mama alimfungia sanduku kwa mikono yake. Assia akaondoka na shangazi yake, na miezi miwili Mama hakuimba kwaya.

Tarehe 30 Agosti, uwanja wa ndege, mlango ulifunguka na Assia akatoka akikimbia, huku Bi Kudra akihema nyuma yake na mabegi. Mlinzi alisema, "Mama, subiri nje." Nani asubiri! Mama alipita na kiatu kimoja, akipiga vigelegele hadi abiria wa ndege nyingine wakapiga makofi. Bi Kudra akasema, "Kila usiku analia Mama Concilie. Mimi ni shangazi. Mama yake ni wewe." Tangu mwaka ule, kila likizo tulikwenda Dar sote wawili, Assia na mimi, na mimi nikapata shangazi.

Mwaka 2022 Mama aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari, na figo zikadhoofika. Assia ndiye aliyelala naye hospitali. Muuguzi mgeni aliingia akiuliza mtoto wa mgonjwa yuko wapi. Mama, ambaye hakuwa ameongea tangu asubuhi, alifungua macho: "We unatafuta nani tena? Si uyu hapa!" Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, saa nne asubuhi, mikono yake yote miwili imeshikwa.

Ameacha mume, mzee Rénovat. Wakwe, Jordan na Anouar. Wajukuu, Chanelle, Shakuru na Concilie mdogo. Na wifi yake wa moyo, Bi Kudra, aliyefika jana. Ameacha watoto wawili. Mchapaji wa programu hii aliuliza yupi ni wa kuzaa na yupi wa kulea, ili aweke kwenye mabano. Baba alimwambia, "Andika kwa umri."

Joëlla na Assia.

Mungu ampokee kwa furaha, ampe pumziko lenye amani.