Hafidh Mkubwa Faki na Klachi Aliyoifunga kwa Mkono Mmoja

Assalaam alaykum, wazee wetu, mama zetu mlioko nyuma ya pazia, majirani zetu wa Hodge Hill hapa Birmingham, na nyinyi wafanyakazi wenzake marehemu mliofunga gereji leo ili mje kumzika, mimi ni Khalfan, kaka yake Jokha, mjane wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya shemeji yangu, ingawa kila mtu humu ndani anajua kwamba mimi na pikipiki hatuivi chungu kimoja.

Marehemu Hafidh Mkubwa Faki alizaliwa tarehe 3 Juni 1968, Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, akasoma skuli ya msingi hapo hapo Wawi, akamaliza sekondari mjini Chake Chake mwaka 1986, na walimu wake waliandika kwamba ana akili ila mikono yake haitulii. Mwaka 1987 alivuka kwenda Tanga kujifunza ufundi wa injini, akaufanya huko kwa miaka mingi, na mwezi wa Mei 1999 akaja Birmingham.

Tarehe 10 Januari 2000 alianza kazi kule Balsall Heath, katika gereji ya pikipiki ya Bwana Kewal, aliyekaa hapa mbele, na hakuhama tena. Alimuoa dada yangu Jokha tarehe 17 Agosti 2002, wakajaaliwa watoto wawili, Zuleha aliyezaliwa mwaka 2004 na Faki aliyezaliwa mwaka 2007, ambao wanakifahamu Kiswahili chetu chote, hasa tukiwasema, lakini wakijibu wanajibu Kiingereza, na baba yao akicheka tu.

Mwaka 2015 marehemu alinunua pikipiki ya Kijapani iliyopata ajali, yenye supachaja, yaani ile pampu inayoishindilia injini hewa, akaifufua, kisha, kwa kuwa mikono haitulii, akaiongezea nguvu mpaka mashine ya kupimia ikaonyesha nguvu za farasi mia tatu, nami nilisimama pale gerejini siku hiyo, nikasikia mlio wake ukipita kifuani, nikasema subhanallah bila kutaka. Taabu ikawa moja, klachi ya kiwandani, inayoishikanisha injini na gurudumu, haikuuweza mzigo ule, akifungua moto injini inapiga kelele, gurudumu haliongezi kitu, na harufu ya kuungua inatangulia nyumbani kabla yake, hivyo marehemu akajiwekea nia ya kuitengenezea klachi itakayoshika, na kuiendesha yeye mwenyewe walau mara moja kwa nguvu zake zote.

Novemba 2017 kikombe cha chai kilimponyoka mkono wa kushoto mbele yetu sote, na baada ya vipimo madaktari wakamwambia kwamba ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaodhoofisha misuli kidogo kidogo, hauna dawa ya kuuondoa, na umeanzia mkono huo. Ndugu zangu, mkono wa kushoto ndio unaovuta klachi ya pikipiki. Aliyemuona kwenye gari siku ile alidhani anawaza mauti, kumbe, kama alivyomwambia Jokha baadaye, alikuwa anawaza mkono utamfikisha wapi na klachi yake.

Aliagiza Marekani sahani nene za klachi, yale maduara yanayobanana ndani yake, na springi ngumu za kuyabana, zikafika Aprili 2018, na kwa kuwa sahani mpya lazima zilazwe kwenye oili kabla ya kufungwa, akazilaza katika sufuria kuukuu la Jokha, akaliweka jikoni. Sasa nyote mnajua desturi yetu, anayekuja kumtazama mgonjwa hakai kama mgeni, anaingia jikoni akaosha chochote anachokikuta, na jirani yetu Bi Saido, aliyekulia Nairobi na ambaye mikono yake ina baraka, akayakuta yale maduara meusi yanayoteleza, akayasugua moja moja kwa chuma cha kusugulia masufuria, kwa sabuni na maji ya moto, mpaka utando wote unaoshika klachi ukatoka, kisha akayapanga juu ya taulo safi. Alipoambiwa alishika kichwa akalia, "Woi, Hafidh, mimi nilidhani ni vitu za jiko!" naye marehemu akazitazama sahani zake, akamjibu, "Bi Saido, klachi haijapata kutakata hivi tangu dunia iumbwe," akacheka hata Jokha akamshika asianguke.

Lakini msidhani hakuumia. Aliumia, kwani sahani nyengine zingechukua wiki nyingi, na mkono haukuwa ukingoja, na alipojaribu zile springi ngumu zilizobaki, akagundua kwamba hawezi kuuvuta mpini wa klachi hata nusu. Hapo ndipo nilipomuona shemeji yangu alivyo. Aliziweka pembeni, akaanza upya, akaagiza klachi ya aina nyengine, yenye springi laini na vyuma vidogo vizito vinavyotanuka kwenda nje kila injini inavyozidi kuzunguka, na vikitanuka vinazikandamiza sahani, hivyo pikipiki ikisimama kidole kinatosha kuivuta klachi, na ikikimbia hakuna cha kuiachisha. Nilimuuliza nani basi anayezikandamiza sahani, akasema, "Mbio zenyewe, Khalfan," na mimi, mtu wa duka la vitambaa, usingizi ulinipaa kwa kulistaajabia jambo hilo, kwamba kitu kinaweza kushika zaidi kadiri kinavyokwenda mbio zaidi.

Aliifunga Agosti 2018 kwa mkono wa kulia, Bwana Kewal akiwa mkono wake wa kushoto, wakigombana kwa Kiingereza cha Birmingham kuhusu kila skrubu, na Jumamosi ya tarehe 22 Septemba 2018 tukampeleka uwanja wa zamani wa ndege nje ya mji, wakampandisha wanaume wawili, akavuta klachi kwa vidole viwili, akaiachia polepole, akaondoka.

Naomba mniwie radhi hapa nikisoma taratibu. Sikuwahi kuona kitu cha binadamu kikienda vile. Kelele ilipanda na pikipiki ikapanda nayo, haikuteleza, haikunuka, ardhi ilitetemeka chini ya viatu vyangu, na mtu ambaye asubuhi yake dada yangu alimfunga vifungo vya shati alikuwa nukta nyeusi mwisho wa lami. Aliporudi alisimama mbele yetu, injini imezimwa, lakini vidole vimeganda kwenye mpini wa klachi, havifunguki, na Jokha akapiga magoti akavifungua kimoja kimoja, na Zuleha akamuuliza baba yake, kwa Kiswahili, kama anataka kwenda tena. Alisema basi, inatosha, akampa binti yake funguo.

Tangu hapo ugonjwa ulikwenda kasi, mkono wa kulia ukafuata, kisha sauti, kisha pumzi, na kila asubuhi Jokha alimfungua vidole kwa maji ya uvuguvugu, hadi Jumanne ya tarehe 12 Machi 2019, alipofariki nyumbani kwake, amezungukwa na watu wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mlioosha, mliopika na mlioswali nasi, Bi Saido kwa kutokosekana hata siku moja, na Bwana Kewal na vijana wa gereji, ambao leo wamebeba jeneza mabegani.

Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwosha asubuhi hii, na nilipofika mkono wa kushoto nilijitayarisha kuufungua kama dada yangu alivyonielekeza, nikaukuta umekwisha kufunguka wenyewe, kiganja juu, laini. Shemeji, Mola akupokee, upumzike na mkono wako kwa amani.