Suhail Rajab Silima, Mvuta Nyuzi za Kioo, na Haki ya Fahmi

Assalaamu alaykum, wazee wetu, mama zetu, ndugu na majirani mlioacha shughuli zenu tangu asubuhi mkaja kukaa nasi. Haya ni maisha ya Suhail Rajab Silima, yanasomwa na kaka yake Abdulsamad kabla hajaswaliwa, kwa sababu mwenyewe aliomba yasomwe kabla na si baada, na kwa nini aliomba hivyo mtasikia.

Suhail alizaliwa hapa Msuka, siku ya Ijumaa tarehe 17 Machi 1989, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Rajab Silima na Bi Mwatum Talib. Alianza skuli ya msingi hapa kijijini mwaka 1996, akaendelea na sekondari Wete, akahitimu shahada ya fizikia Unguja mwaka 2012, na Septemba 2014 akapata nafasi ya kwenda kusoma Malaysia, ambako alimkuta Fahmi Himid wa Kengeja, aliyekuwa fundi wa mitambo. Mwezi wa kwanza tu Suhail alishikwa na homa, Fahmi akampikia uji siku sita, akamfulia hata soksi, na alipoambiwa ahsante alijibu, "Yakhe, Mpemba mgonjwa ugenini ni aibu yangu mimi, si yako."

Tarehe 3 Oktoba 2016 waliajiriwa wote wawili katika kiwanda kimoja huko huko, kwenye kitengo cha kubuni na kutengeneza nyuzi za kioo. Nyuzi hizo hutiwa kwenye kiini chake chembe za madini adimu, na mwanga dhaifu ukipita humo hutoka na nguvu, nyingine zikatumika kwenye leza za kukatia vyuma, nyingine zikawekwa njiani kwenye nyaya za chini ya bahari, kuupa uhai mwanga uliochoka kwa safari. Kazi ya Suhail ilikuwa kupiga hesabu ya madini hayo, maana yakizidi kidogo kioo kinaharibika, yakipungua mwanga hautoki kitu, kisha kusimama chini ya mnara wenye tanuri juu yake, fimbo ya kioo ikiyeyuka na kushuka kama tone la asali, likivutwa likawa uzi mwembamba kama unywele, mita kwa mita, ukivishwa plastiki na kukunjwa kwenye gurudumu.

Alimuoa Bi Shamima Jabir wa Jadida tarehe 21 Julai 2018, na Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto wawili, Ridha aliyezaliwa Agosti 2019 na Shadya aliyezaliwa Machi 2022. Shamima aliishia darasa la saba, na hakuona haya kuuliza. Alimuuliza mumewe kwenye simu, "Hicho kioo hakikukati?" Suhail akacheka, akamwambia, "Kioo kinachoma tu. Wa kuogopwa ni mwanga, mke wangu, na mwanga wenyewe hauonekani." Tangu siku ile Shamima alikuwa mtu wa hofu. Mume akija likizo yeye huzikung'uta shati zake nje ya uzio, kwa kuwa alishaambiwa vipande vya nyuzi huingia mwilini bila kuonekana, kisha huvikagua viganja vya Ridha juani, kidole kwa kidole, asione kitu, na kutoona kitu kukamzidishia hofu.

Jumanne tarehe 9 Novemba 2021 kulikuwa na majaribio ya leza iliyofanyiwa kazi miaka miwili. Ncha ya uzi husafishwa mpaka isibaki hata alama ya kidole, kwa sababu taka ndogo ikiungua pale, mwanga hugeuka ukarudi nyuma unaunguza kiini chote, kama moto unaokimbilia utambi. Fahmi aliisafisha ncha ile saa nne, akaandika jina lake kitabuni, akatoka. Saa saba leza ikawashwa, na nukta nyeupe ikakimbia ndani ya uzi kurudi mashineni, mashine ikapasuka, na jicho la kulia la Suhail likaungua. Wakubwa wakafungua kitabu, jina la mwisho lilikuwa la Fahmi. Tarehe 30 Novemba Fahmi akaachishwa kazi, akarudishwa Kengeja, na barua ikaandikwa kwamba alizembea, barua ambayo imemfungia kila mlango aliobisha hadi leo.

Februari 2023 Suhail naye alirudi nyumbani kwa hiari yake, watu wakidhani ni kwa ajili ya jicho, akafundisha fizikia sekondari ya Wete, na wanafunzi wake wakawa wanapokezana kumsomea daftari za wenzao, bila kuagizwa na mtu. Aprili 2025 miguu yake ilianza kuvimba, Unguja wakamwambia ni figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, mpaka Disemba alipoomba arudishwe nyumbani kwake Jadida. Shamima alikuwa akilala ameshika mkono wake, na usiposogea kwa muda, alikuwa akiutikisa.

Tangu arudishwe, Fahmi alikuwa akipanda gari ya abiria kutoka Kengeja hadi Jadida na mkungu wa ndizi begani. Alikuwa akiingia kwa kelele, "Shemegi, mgonjwa wako anakula ndizi zangu au anaziangalia tu? Aziangalie, jicho moja linamtosha. Mimi nilikuwa nayo mawili na ile taka sikuiona." Kisha akicheka, akakaa akamkanda miguu. Mwenyewe aliamini kosa ni lake. Na kila alipoondoka, Suhail aligeukia ukutani.

Tarehe 2 Januari mwaka huu, baada ya Fahmi kuondoka, Suhail alimwita mkewe akamwambia, "Shamima, ncha ile Fahmi aliisafisha vizuri." Akaeleza kwamba mchana ule vidole vilikuwa vikimuuma, akavisugua kwa mafuta ya karafuu aliyopelekewa na mama yake, na kwa kuwa hakupenda glavu, zikimzuia kuusikia uzi, aliigusa ncha kwa mkono mtupu ili ainyooshe. Uzi ulipoungua chumba kilinuka karafuu. Wenzake wa kule walinusa, hawakujua harufu imetoka wapi. Mpemba aliyekuwemo mle alikuwa mmoja tu, naye akanyamaza, akihofia kazi, akimuwaza mkewe aliyekuwa na mimba ya Shadya, akijiambia atasema kesho, na kesho ikawa miaka minne. Shamima akamwambia, "Basi mwambie, atakuja Jumapili." Jumapili Fahmi alikuja, na Suhail hakuweza. Akamwambia mkewe, "Liandike wewe. Nisizikwe nalo."

Suhail amefariki leo, Jumatano tarehe 14 Januari 2026, nyumbani Jadida, baada ya swala ya Alfajiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita.

Asubuhi hii karatasi hii aliyoiandika Shamima ilipofika kwa Abdulsamad, alisema maiti husitiriwa, na sehemu hii irukwe. Shamima anaogopa atakavyotazamwa yeye na wanawe, lakini anaogopa zaidi anakokwenda mumewe akiwa na haki ya mtu. Aliyejibu ni Bi Mwatum, na jibu lake tumeliongeza hapa, "Soma yote, Abdu. Mafuta nilimpelekea mimi, na mimi nataka nisikie."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Unguja, na yule muuguzi aliyempa Shamima kanga yake usiku wa baridi, tunamshukuru sheha, majirani wa Jadida waliowalisha Ridha na Shadya bila kungoja kuombwa, walimu wenzake waliogawana vipindi vyake, na wote waliochimba kaburi.

Na wewe Fahmi Himid, uliyewahi kufika leo kabla ya ndugu wa damu, ulimwosha mwenzio kwa mikono yako bila kujua haya. Hukukosea. Ncha ilikuwa safi. Tunalisema mbele ya watu hawa wote, na Abdulsamad ataliandika na kulipeleka kule kiwandani kwa jina la familia. Suhail alikudhulumu, na anaomba msamaha kwa kinywa cha kaka yake, kwa sababu chake kilishindwa. Hatutaki useme ndiyo kwa kuwaonea haya watu. Ukiweza, sema, Shamima yuko nyuma ya mlango anasikiliza. Ukishindwa, hakuna atakayekuuliza, na ndizi zako tutazikumbuka kwa wema ule ule.

Hapa msomaji atampa Fahmi nafasi.

Suhail, Mola akupe pumziko la amani, na Fahmi akuachie ulipate.