Mlio wa Oduor

Benchi letu liko chini ya dirisha la kampuni ya malori ya barafu, hapa Kisumu, na hakuna burudani tuliyoipenda kama spika ya redio ya ofisi ile. Dereva akibonyeza kitufe, kwanza inalia "kriiip!" ili namba ya lori ionekane kwa karani, ndipo sauti ya mtu ifuate. Ila Oduor, akifika Asembo Bay, ufukweni mwa ziwa, hubonyeza tu asiseme neno. Hapo mkewe Awuor, anayetupikia kahawa, hushusha pumzi, akijua amefika salama. Walikuwa hawajasemezana tangu Pasaka, tangu Oduor ampe mtoto jina la shangazi yake bila kumuuliza mama mtu. Mlio ule ulikuwa ndio salamu pekee iliyobaki kati yao, na sisi tuliupenda kama wetu. Basi asubuhi moja ya mwaka tisini na mbili akaja fundi wa redio, dada mmoja anaitwa Nabututu, akakaa kwanza anywe kahawa.

— Karani analia hiyo mlio inamuumiza kichwa, akasema. Na inakula neno ya kwanza. Nitaihamisha ikuje mwisho, halafu spika zinyamaze ikipita. Namba itaonekana tu.

Awuor aliacha kukoroga.

— Dada, usiguse, alisema Absalom, tunayemwita Profesa kwa ule muhula wake mmoja wa shule ya Maseno. Hiyo mlio ndio inasukuma sauti. Ukitoa, sauti inaangukia njiani, huko Kisian.

— Na inafukuza mbu! akadakia Salim, Kanali wetu, aliyewahi kulinda lango la kambi.

— Mbu gani, Kanali? Si unajikuna saa hii? akauliza fundi.

— Hizi ni za mtaa wa Migosi. Wageni.

— Na kiboko je? nikasema mimi. Kiboko akisikia hiyo kitu anarudi kwa maji. Mnataka watu wafe?

— Wahenga walisema, Profesa akainua kidole, haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo inaingia wapi, omera? akauliza Kanali.

— Inaingia. Wewe ngoja.

Nabututu alicheka hadi kahawa ikamwagika.

— Wazee, semeni ukweli. Hiyo mlio mnaitakia nini?

Kanali akamwelekezea Awuor midomo, kisha akamweleza fundi yote kwa sauti ya chini, ambayo kwa Kanali husikika hadi stendi.

— Lakini karani ataona namba, amwambie, akasema Nabututu.

— Aambiwe na karani kwamba bwanake amefika? Kama mzigo? akauliza Profesa.

— Haya. Kwani huyo bwana hawezi kuongea?

Kanali akajikuna. Mimi nilikuwa na maneno bado, lakini yote yalikuwa ya kiboko.

Fundi akaingia ofisini, akafanya kazi yake. Jua lilipopanda, spika ilisema "tk" tu, mlio haukusikika. Karani akachungulia dirishani.

— Mama, ni lori ya...

— Usiniambie.

Awuor akapitisha mkono dirishani, akachukua maikrofoni.

— Oduor. Umefika?

Madereva wote wa kampuni walikuwa wanasikiliza, najua.

— Nimefika, ikaja sauti. Nilidhani hutaki kusikia sauti yangu.

— Sitaki, akasema Awuor, machozi yanamtoka. Endelea kuongea.

Kahawa ilifurika ikazima jiko, na hakuna aliyeinuka.