Ezra Mseti, Tabibu Aliyetukatalia Dripu

Wazee wetu shikamooni, wachungaji, majirani, na nyote mliotoka Mugumu na ng'ambo ya Sirari, familia imekubali historia hii isomwe bila kupakwa rangi, ingawa kukubaliana kwenyewe kulichukua siku mbili na kelele nyingi.

Marehemu Ezra Mseti Nyangwine alizaliwa Genkuru tarehe 9 Juni 1954, akaanza shule mwaka 1963 baada ya kugoma kuchunga, akamaliza darasa la saba 1969, akasomea uganga wa vijijini Musoma hadi Novemba 1975, akapangiwa zahanati huko Natta, na mwaka 1986 akahamishiwa kwetu, tukachinja dume kwa furaha. Alimuoa Boke tarehe 18 Desemba 1979, wakajaliwa Mokami, Elieth na Wambura.

Dhahabu ilipopamba moto, kila mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, aliamini kwamba mchimbaji akitundikiwa chupa mbili za dripu kila Jumamosi, vumbi na zebaki hutoka kwenye damu, Ezra akawa anawarudisha watu makwao wakanywe uji, wakambandika jina la Daktari Hapana, nasi nyumbani tukacheka nao.

Agosti 1993 mdogo wake, Mniko, alivimba miguu, akawa anahema kama aliyepanda mlima, Ezra akampima, akasema moyo umechoka, dripu itamzamisha, apelekwe hospitali Tarime, na kaka yao mkubwa Mogesi, mwenye duara, akamuuliza mbele ya wagonjwa ni ndugu gani huyo anayemnyima ndugu yake maji. Barua ya kumkataa Ezra tuliiandika sisi, kwa mwandiko wa dada yake msomi, huyu anayewasomea, sahihi thelathini na moja zikapatikana kabla ya chakula cha mchana, na tarehe 23 akasimamishwa kazi na kunyang'anywa funguo. Tarehe 25 muuza dawa alimtundikia Mniko chupa mbili kwenye nguzo ya duara, ya pili haikuisha. Katika historia ya Mniko, tuliyoisoma siku ya kumzika kwenye uwanja huu huu, tuliandika kwamba aliugua ghafla, na Ezra alikuwa amekaa pale, akasikiliza hadi mwisho.

Uchunguzi ulimsafisha Februari 1994, ukasema tabibu halazimishwi kutoa tiba anayojua itadhuru, lakini kwetu hakurudi, akafanya kazi Mugumu hadi alipostaafu 2009, akimwandikia kila mkubwa aliyemjua, akitaka sheria iseme wazi kwamba tabibu wa namna hiyo hafukuzwi kwa sahihi za ndugu.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2011, akalazwa, akavimba, nasi bila haya tukadai dripu. Daktari Adhiambo, ambaye Ezra ndiye aliyemfundisha kushika sindano, akakataa, Mogesi akapandisha sauti, mgonjwa akafungua jicho moja, akasema, “Kaka, karatasi ya sahihi umekuja nayo?” Mogesi akatoka, akakaa kwenye ngazi, kofia usoni. Ezra aliaga dunia tarehe 14 Machi, saa nne asubuhi, akihema taratibu, mkono wake ndani ya mkono wa Boke.

Tunawashukuru wauguzi, majirani waliochimba kaburi, wafanyakazi wenzake, na kuliko wote Daktari Adhiambo, kwa kutunyima tulichoomba. Yale maneno “aliugua ghafla” tunayafuta leo, karibu miaka kumi na minane baadaye, mbele yenu na mbele ya kaburi la Mniko, tuliyemuua kwa sahihi zetu. Ezra, pumzika kwa amani kando ya mdogo wako, yeye tayari anajua nani alisema kweli.