Maggie Nyawira na Uwanja wa Pili

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupanga safari za ndege, Maggie Nyawira anastaafu tarehe 31 Julai. Wakubwa wameniomba niandike maneno matamu. Haya, nitajaribu, ingawa mama mwenyewe hakuwa mtu wa peremende.

Ofisi yetu ya Ruiru inamjua kwa swali moja: mkikuta uwanja wa JKIA, Nairobi, umefunikwa na ukungu, mtatua wapi? Ndege inayopita mawinguni kwa kutegemea vyombo vya kuongozea lazima iwe na uwanja mbadala, na mafuta ya kufika huko. Uwanja huo hauchaguliwi kwa sababu uko karibu. Utabiri sharti useme kwamba saa ile mtakayofika mawingu yatakuwa juu vya kutosha na rubani ataona mbali. Hali ya hewa ya sasa hivi, alikuwa akituambia, ni ya kuanikia nguo.

Julai moja ukungu ulilala kutoka Thika hadi mjini. Ndege yetu ilikuwa Kisumu ikingoja kuja JKIA, na mkuu wa wakati huo akaandika Wilson, ule uwanja mdogo wa Nairobi, kuwa uwanja mbadala: ni karibu, mafuta kidogo, mizigo mingi. Nyawira akakataa kutia sahihi. Alimwambia mkuu kwamba viwanja vya Wilson na JKIA vinajifunika blanketi moja, lakini Eldoret kutakuwa kweupe. Haiya! Mkuu akafoka, akamfuta kazi papo hapo. Nyawira akachukua mkoba wake, akaenda zake. Heri lawama kuliko fedheha.

Kumbe huko Kisumu rubani wetu, Kapteni Okello, naye aligoma kupaa bila sahihi ya Nyawira. Ikabidi mama aitwe arudi kazini akiwa ameshafika getini. Akaandika Eldoret, akapunguza mizigo. JKIA hatukuiona, Wilson nako kukawa vivyo hivyo, tukatua Eldoret salama. Nasema tukatua kwa sababu nilikuwa ndani, nikisindikiza mizigo. Nampenda mama huyu, na sioni haya kusema.

Sasa anahamia shambani Ngoliba, kwenye ukame na anga jeupe. Hata makao ya uzee ameyachagua kwa utabiri.

Jumanne iliyopita, yeye akiwa likizoni, ukungu ulirudi, na ombi likarudi nao: tuandike Wilson. Dorine, anayeshika meza yake, akasukuma kalamu kando. Nami pia. Mizigo mingine ilibaki, mafuta ya kufika Eldoret yakapakiwa.

Asante, Mama Nyawira. Tunakuombea uzee wa jua na usingizi mrefu. Ukiona ukungu huku kwetu, usihangaike kupiga simu. Hatutasaini.

Boaz, Idara ya Mizigo