Mtu wa Zamu ya Jumapili

Baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuwahudumia wakazi wa nyumba yetu ya kulea wazee hapa Thamesmead, Naftali Mwadime, Baba Emma, anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 29 Mei. Wenzake wameniomba mimi, Zein, niandike habari zake. Ndiyo, Mwislamu wa Mombasa kaombwa amweleze Mkristo wa Taita. Haya, someni.

Alianza jikoni, akapanda hadi kuwa mhudumu mkuu. Kazi anaijua, lakini kuimba, jamani! Sauti yake ikipita koridoni, hata waliolala huamka. Mkazi wetu Bwana Ajay, aliyekuwa na duka Kisumu zamani, hanywi uji mpaka wapatane bei kwanza. Baba Emma hulalamika, hupunguza kidogo, wakapeana mikono, na bakuli likaisha.

Wahudumu wetu wengi ni Wakenya wanaosali kanisa moja kule Tottenham. Huyu yuko kwaya, yule mtoto wake anabatizwa, mwingine ana hamu tu ya ibada. Kila mmoja alimwendea Baba Emma chemba, akajibiwa aende tu, zamu ataifanya yeye. Kila mmoja alidhani amesaidiwa peke yake. Kumbe mwenzetu Jumapili zake zote zilikuwa zimekwisha kugawiwa watu!

Naye alikuwa na lake moyoni. Marehemu baba yake alikuwa mzee wa kanisa Wundanyi, na koti alilolivaa siku ya kuwekewa mikono, Naftali alikuja nalo London. Hulipiga pasi kila Pasaka. Alitamani siku moja alivae kwa heshima ileile. Mwaka jana jina lake likapendekezwa, na kikao cha wazee wa kanisa kikalifuta. Walisema haonekani ibadani, ni Mkristo wa jina tu.

Yeye akaendelea na zamu zake za Jumapili. Marion, mhudumu mwenzetu anayesali huko, alipopata habari alilia, akataka kwenda kuwaeleza ukweli. Baba Emma akamwapisha asiseme neno, maana hakutaka mtu akae kanisani akijiona ana deni lake. Sasa, Marion aliapishwa. Mimi hakuniapisha.

Mwenzetu Shilpa akanishikia zamu, nikapanda basi, nikapanda treni, kisha treni ya chini ya ardhi, Victoria line, hadi Tottenham. Mlangoni nusura nivue viatu. Nikakaa nyuma kabisa, na ulipofika wakati wa wageni kusimama na kujitambulisha, nikasimama. Nikataja jina langu, nikasema nafanya kazi na Naftali Mwadime. Nikaomba kila aliyewahi kusali humo Jumapili kwa sababu Naftali alimfanyia zamu, asimame pamoja nami.

Marion akasimama. Akafuata Jane. Hillary akaacha kinanda, akainuka. Kisha safu nzima ya kwaya, mmoja baada ya mwingine, wakitazamana kwa mshangao kwamba na wewe pia? Mama Jacqueline, mwenyekiti wa kile kikao, aligeuka akamwona mkwewe naye kasimama, akashika kichwa. Wallahi, vigelegele vilivyopigwa hapo hata harusini kwetu sijavisikia.

Baba Emma alininunia siku mbili. Ya tatu akaniletea chai, tangawizi tele, na hatukulizungumza tena.

Hakunihubiria hata siku moja mtu huyu. Kila Idi alinishikia zamu, na kila nilipotoka likizo alimuulizia mama yangu. Mkazi aliyemtukana asubuhi, yeye alimnyoa ndevu mchana kwa upole uleule. Mimi si mwanafunzi wa dini yake, lakini nikiulizwa Mkristo wa kweli ni yupi, nitamwonyesha kwa kidole, na nimefurahi mno kufanya naye kazi.

Jina lake limerudishwa, na safari hii limepita bila mpinzani. Jumapili hii, tarehe 31 Mei, Naftali Mwadime anawekewa mikono kuwa mzee wa kanisa. Wenzetu wote wa Tottenham wamepewa ruhusa. Shilpa, Hemal na mimi tutabaki na nyumba, na Bwana Ajay amekwisha kuonywa kwamba bei ya uji siku hiyo haipungui.

Asante, Baba Emma, kwa kila asubuhi uliyotupa. Mungu akujalie afya, na miaka mingi ya raha wewe na wako. Jumapili vaa koti la baba, ukakae kiti cha mbele. Zamu yako tunayo sisi.