Atuganile wa Vikandili, na Neno Alilokataa Kulifuta

Wapendwa mliokusanyika nasi hapa Woolwich, ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi watoto mlioketi safu ya mbele, kabla sijasoma naomba mfumbe macho kidogo mwone picha hii: jukwaa kubwa katika ukumbi usio na watazamaji, saa tisa alasiri ya Alhamisi, tarehe 18 Novemba 1999, wanawake watatu wamevaa magauni marefu yanayofanana, ya rangi ya chungwa, na nywele za bandia zilizopandishwa juu kama vichuguu, mmoja ameanguka chini ya ngazi ameshika mguu wake, wa pili amepiga magoti kando yake akirudia neno moja lile lile, wa tatu amesimama juu ameziba mdomo kwa kiganja, na pembeni yuko bwana mwenye kalamu, anayeliandika neno hilo kila linapotamkwa.

Aliyepiga magoti ni marehemu mdogo wangu, Atuganile Leonard Mwambipile, na neno lile nusura limwondoe katika kazi aliyoipenda kuliko kazi zote alizowahi kuzifanya. Fumbueni macho sasa, tutafika hapo, ila kwanza tuyafuate maisha yake kwa utaratibu wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 22 Aprili 1970 katika hospitali ya misheni karibu na Tukuyu, wilaya ya Rungwe, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa mzee Leonard Mwambipile, mwalimu wa kwaya, na mama yetu Lila Mwambipile, ambao wote wawili wametutangulia. Alisoma shule ya msingi ya kijijini kwetu kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, akajiunga na sekondari mjini Mbeya na kumaliza kidato cha nne mwaka 1988, na katika miaka hiyo yote alikuwa alto katika kwaya ya baba, mahali ambapo kila Jumapili alikatazwa kusikika kuliko jirani yake, na kila Jumapili akaambiwa pia kwamba asipokuwepo wimbo unapungua.

Mwezi Septemba 1991 alikuja London kunifuata mimi dada yake, akasomea uhudumu wa wazee, na kuanzia Februari 1993 akaajiriwa katika nyumba ya kulelea wazee kule Barking. Hapo ndipo muziki ulipomkuta, kwa sababu kila Jumatano alikuja mpiga piano aitwaye bwana Gurdial, ambaye yupo nasi leo, kuwapigia wazee nyimbo za ujana wao, nyimbo za mapenzi za miaka ya sitini, na Atuganile, akiwa amebeba trei ya chai, hakuweza kujizuia kuingiza sauti ya chini. Mwenzake wa usafi, Laurette, aliyetoka Bukavu, akaongeza sauti ya katikati, na bwana Gurdial akamleta binti mmoja wa Thornton Heath mwenye sauti ya juu inayopasua, ambaye kwa bahati alikuwa na jina la mama yetu, Lila.

Kundi likazaliwa rasmi tarehe 5 Oktoba 1994 kwa jina la The Lanternettes, ambalo nyumbani tulilitafsiri kuwa Vikandili, na shughuli yao ilikuwa kuimba mapya kwa namna ya kale, wakiinua mikono pamoja, wakigeuka pamoja, wakivaa kama mama zao walivyovaa. Jina la Atuganile liliwashinda Waingereza, wakalikata wakabakiza Gani, jambo lililotuchekesha sana, maana mjomba alipopiga simu kutoka Mbeya na kuuliza, “Sasa huko wanakuita jina gani?” na yeye akajibu, “Gani,” mjomba alisema, “Hilo hilo ninalokuuliza!” na simu ikakatika wakiwa bado wanabishana.

Tarehe 12 Julai 1997 alifunga ndoa takatifu na ndugu Fanuel Mwaisaka, muuguzi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Irene, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1998, na Leonard, aliyezaliwa tarehe 9 Septemba 2001. Albamu ya kwanza ya Vikandili ilitoka mwezi Machi 1999, ikapendwa, nyimbo zao zikaanza kusikika redioni hata katika saluni za hapa Woolwich, na vuli ile wakaalikwa katika kipindi cha televisheni cha Jumamosi kinachorushwa moja kwa moja, kipindi ambacho kampuni ya rekodi ilikuwa imekingoja kwa mwaka mzima.

Siku mbili kabla ya kipindi hicho, katika mazoezi, Lila aliteleza kwenye ngazi za jukwaa na kuvunjika kifundo cha mguu, na Atuganile, aliyekuwa nyuma yake hatua moja tu, akamkimbilia, akamshika kichwa, akamwambia kwa Kiingereza chetu, “Sori, Lila, sori sana, jamani, sori!” Laurette, aliyeishi miaka mingi akihojiwa na watu wa ofisi za uhamiaji na kujua jinsi wanavyosikiliza, alimwita kwa Kiswahili cha kwao kutoka juu ya jukwaa, “Yaya, nyamaza! Hawa batu banaandika!” yaani dada, hawa watu wanaandika, lakini mdogo wangu hakunyamaza, kwa kuwa aliyeumia alikuwa bado anaumia.

Watoto wangu, hapa nisimame kidogo, kwa sababu ninyi mliozaliwa London mnaweza kudhani hakuna la ajabu. Kwetu mtu akijikwaa, akiugua, akifiwa, hata akirudi kazini amechoka, unamwambia pole, na pole hiyo haina maana kwamba wewe ndiye uliyemchosha. Tulipofika nchi hii tukatafuta neno la kuweka mahali pake, tukapewa sori, tukalitumia kila siku, bila kujua kwamba mwenyeji akilisikia karibu na mtu aliyevunjika mguu anaweza kuelewa kwamba mwuaji amekiri.

Basi kipindi kikapita bila Vikandili, na tarehe 23 Novemba ikaja barua ya kampuni ya rekodi, ikisema kwamba kwa kinywa chake mwenyewe, mara saba, mbele ya mashahidi, Atuganile alikiri kulikanyaga gauni la mwenzake, na kwamba tarehe 6 Desemba kampuni ingeamua kama aendelee au nafasi yake apewe mwimbaji mwingine, ambaye, tuliambiwa, alikwisha kupimwa gauni. Lila hakupiga simu. Kwa siku kumi na tatu nyumba ile ya Fanuel ilikuwa kama nyumba yenye mgonjwa, mtoto akilia anabembelezwa kwa kunong'ona, na simu ikilia wote tunaitazama.

Bwana Gurdial, kwa wema wake, alileta njia ya kutokea, karatasi fupi iliyosema kwamba maneno ya Atuganile ya siku ile yalitoka kwa hofu na hayakuwa na maana yoyote, atie sahihi tu, na mwanasheria wa kampuni alikuwa tayari kuipokea. Sisi sote tulimsihi, na mimi nikiwa wa kwanza. Fanuel alimwambia, “Mama Irene, yaishe, hata bungeni watu hufuta kauli,” naye akajibu, “Bungeni hakuna aliyevunjika mguu. Nilimpa mtu pole, halafu nimwandikie kwamba haikuwa na maana? Akiisoma atanionaje?” Akairudisha ile karatasi ikiwa nyeupe mahali pa sahihi, na usingizi ukatuhama wote isipokuwa mtoto.

Jumatatu ile, tarehe 6 Desemba 1999, saa nne asubuhi, tuliketi upande mmoja wa meza marehemu, Laurette na mimi niliyeruhusiwa kumsindikiza, na upande wa pili waliketi mwanasheria, yule bwana wa kalamu, ambaye naye alikuwa mtu wa kampuni, na Lila akiwa na magongo, akitazama dirishani. Barua ikasomwa, tarehe zikasomwa, idadi ya sori ikasomwa, na marehemu alipoulizwa kama anayafuta maneno yale alisema hapana, alipoulizwa kama basi anakiri kumwangusha Lila alisema hapana, na mwanasheria akavua miwani akasema hayo mawili hayawezi kukaa pamoja, achague moja, na alichague kabla chai haijaisha.

Mwanasheria akanyoosha mkono kujimiminia hiyo chai, kifuniko cha chupa ya chai kikafyatuka, chai ya moto ikammwagikia vidole, akaruka akipiga kelele, na palepale, kabla hatujafikiri, wanawake watatu wa upande wetu tulisema kwa pamoja, “Sori!”

Hakuna aliyekuwa ameigusa ile chupa, wala hakuna aliyekuwa na mkono wa kuifikia. Lila aligeuka kutoka dirishani, akatutazama mmoja mmoja, kisha akauliza, “Haya, nani kati yenu amemchoma?” na akaanza kucheka, akacheka mpaka gongo moja likaanguka, na Laurette akasema tena, “Sori!” naye akacheka zaidi huku machozi yakimtoka.

Kisha akasema lile ambalo hakuna aliyemwuliza tangu aanguke, kwamba pindo la gauni alilikanyaga yeye mwenyewe, kwamba alijua tangu dakika ile, ila alipoambiwa Gani amekiri alidhani labda kulikuwa na jambo nyuma yake asiloliona, na akashindwa kumpigia simu rafiki yake kumwuliza kwa nini. Bwana wa kalamu akaifunga kalamu. Mdogo wangu, ambaye hakuwa ametikisika asubuhi yote, aliinamisha kichwa mezani akalia kama mtoto aliyefika nyumbani.

Vikandili wakaendelea, wakatoa albamu mbili zaidi, mwaka 2000 na mwaka 2003, wakaimba Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji, na walipoagana kwa amani tarehe 17 Juni 2006 katika ukumbi wa Thornton Heath, waliitwa jukwaani mara nne. Mwaka uliofuata figo za marehemu zilianza kushindwa, na kuanzia Oktoba 2007 akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, akiwa na subira ambayo wauguzi wenyewe waliisimulia, mpaka Jumamosi ya tarehe 14 Machi 2009, saa kumi na moja alfajiri, alipotwaliwa, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane, miezi kumi na siku ishirini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani wa ghorofa yetu waliopika zamu kwa zamu bila kuombwa, wazee na wahudumu wa Barking, wanakwaya, bwana Gurdial, Laurette ambaye ameshinda nasi tangu siku ya msiba, na Lila, aliyemchana marehemu nywele kwa mara ya mwisho. Atuganile, mwana wa mama, kazi yako imekamilika, pumua sasa taratibu mikononi mwa aliyekuumba.

Na ninyi, Irene na Leonard, wanangu, mtakapotoka nje ya mlango huu mtakuta watu wengi wamesimama, wengine wa nchi hii, watawashika mikono na kuwaambia sori, ingawa hakuna kati yao aliyemdhuru mama yenu. Kumbukeni jambo moja tu, kumjibu kila mmoja wao: asante.